Mshale Unapanda, Mshale Unashuka, na Kila Mtu Anasema Plagi

Hebu tuulizane kistaarabu: huu mshale wa RPM, wa mizunguko ya injini kwa dakika, unatafuta nini kule 1500? Gari limesimama. Mguu hauko kwenye pedali ya mafuta. Breki imekanyagwa kwa adabu zote. Injini imeshapata moto, na kwa heshima yake ilitakiwa itulie kwenye 700 au 800, ingurume taratibu, maisha yaendelee. Wapi! Inapanda mpaka 1500 na ushee, inakatika ghafla hadi 900, inashtuka, inapanda tena. Vuuum, pfu. Vuuum, pfu. Dereva wa gari la pembeni anakutupia jicho la pembe, anadhani unamwalika mbio.

Sisi tuliofunga injini ambayo gari halikuzaliwa nayo tunajuana, hakuna haja ya kuhadithiana. Kila mmoja ana mfuko wa boliti zilizobaki. Kila mmoja ana soketi moja inayoning'inia karibu na betri, haina mwenyewe, na hakuna mwenye ujasiri wa kuikata. Na kila mmoja ameshaambiwa, "Si ungeiacha tu ile ya zamani?" Ile ya zamani ilikuwa inakunywa oili kuliko petroli, lakini hilo halikumbukwi na mtu.

Silensa ya magari yetu, yaani ule mngurumo wa injini bila kukanyaga mafuta, ina uonevu wake. Gari la kawaida likitetemeka, watu hutafuta kilichoharibika. La kwetu likitetemeka, kesi imekwisha: ni injini. Jamani, injini hii ilikaa silensa miaka na miaka kwenye gari lililoileta, bila malalamiko. Haikubadili tabia siku ilipohamishwa. Kilichobadilika ni kile kilichokatwa, kilichoungwa na kilichosahauliwa wakati wa kuhama: mipira ya vakyumu (ile inayobeba mvuto wa hewa wa injini), waya, ethi (waya wa kurudi hasi ya betri), bomba la hewa. Humo ndimo alimo mchawi, wala hayuko kwenye pistoni.

Na kabla ya kumsaka mchawi, hakikisha mshale wenyewe hausemi uongo. Dashibodi ya gari la silinda nne inahesabu cheche mbili kwa kila mzunguko wa injini. Ukiweka injini ya silinda sita, zinakuja cheche tatu, na dashibodi ya watu haijaambiwa. Inaendelea kupiga hesabu zake za zamani, kwa hiyo injini iliyotulia kwenye 700 inaonyeshwa 1050. Basi mwenye gari anahangaika wiki nzima kushusha silensa isiyo na kosa, anaishusha kweli, halafu injini inazimika kila akisimama na mshale unasema 700 safi kabisa. Kinyume chake nacho kipo: injini ya silinda nne kwenye dashibodi ya sita, 750 inasomeka 500, na watu wanapandisha. Soma RPM kwenye kontroli boksi, ile kompyuta ya injini, kwa kifaa, ulinganishe. Dakika mbili. Hakuna anayefanya hivyo, kwa sababu mshale upo pale mbele, unang'aa, unaaminika.

Haya, mshale umehakikiwa, kweli injini inapanda na kushuka. Unapaki pembeni, unafungua boneti. Hapo ndipo anapotokea.

Hajulikani anatoka wapi. Fimbo ya boneti haijaingia kwenye tundu lake, yeye keshafika, mikono nyuma, kichwa kimeinama upande mmoja, anaisikiliza injini yako. Hana spana. Hana hata kitambaa cha kufutia mikono. Shati lake ni safi kuliko lako. Anasikiliza, anafumba macho, anatoa hukumu:

"Bosi, hizo plagi."

Unamjibu kwa upole kwamba plagi ni mpya.

"Basi koili."

Koili zimepimwa.

"Basi pampu."

Pampu inatoa presha ya bar 3, imepimwa kwa geji, na geji bado ipo kwenye buti, aletewe aione? Hataki. Mtu wa namna hii hana haja na geji, ana masikio.

"Hebu," anasema, na kabla hujauliza hebu nini, keshashika kebo ya throto, ule mlango wa hewa ya injini, na kuivuta. Injini inapanda 3000, inakaa hapo bila kuyumba. Ananyanyua nyusi. "Umeona? Imetulia. Gari lako linataka kukanyagwa tu."

Sasa hapa inabidi uvute pumzi. Ndugu yangu, kwa 3000 hata injini mbovu hutulia. Silensa inaishi kwa hewa kidogo sana, ile inayopita kwenye valvu ya silensa huku throto imefungwa. Mpira mmoja wa milimita 6 ukiwa wazi, hewa ya wizi inakuwa sehemu kubwa ya hewa yote. Fungua throto, hewa halali inaingia kwa wingi, na ya wizi inabaki kidogo isiyoonekana. Kwamba ugonjwa unaondoka ukikanyaga ni dalili, na ni dalili ya kupoteza vakyumu. Tena huku kupanda na kushuka kwa mpangilio kuna sababu yake: kontroli boksi ikiona throto imefungwa na injini ya moto imevuka kiwango fulani, mara nyingi kati ya 1500 na 2000, inaamini unateremka mlima umeachia mafuta, inakata petroli. RPM zinaanguka. Inarudisha petroli. Hewa ya wizi bado ipo, zinapanda. Inakata. Injini inatii amri, basi. Unamweleza haya yote, kwa utaratibu, kwa heshima. Anatikisa kichwa cha kuelewa.

"Ndiyo hivyo hivyo," anasema. "Ngoja niiongeze silensa kidogo."

Bisibisi imetoka wapi? Hukumwona nayo. Lakini ipo, na iko juu ya skrubu ya throto, ile ndogo yenye nati na alama ya rangi kutoka kiwandani. Rangi hiyo ilipakwa ili mtu kama huyu asiiguse. Skrubu ile haipandishi silensa, inazuia bamba la throto lisikwame kwenye ukuta wake. Ukiikaza, bamba linafunguka kidogo, sensa ya throto iliyokuwa inatoa kama volti 0.5 inapanda, na kontroli boksi haioni tena kwamba umeachia pedali. Ikishaona hivyo, inaacha kabisa kazi ya kutunza silensa. Ulikuwa na tatizo moja, umeongezewa la pili, na la pili litaficha la kwanza. Unamwondoa mkono. Unamwondoa vizuri, kwa tabasamu. Unarudisha skrubu kwenye alama yake ya rangi.

"Sawa, bosi, sawa," anasema, "basi tucheki chaji." Na anashika terminali ya betri.

Injini inawaka.

Hapa heshima inakwisha. Hapa unapiga ukelele ambao hukujua unao. Acha! Acha hiyo! Betri ndiyo inayomeza mawimbi ya altaneta. Ukiichomoa huku injini inawaka, volti zinaweza kuruka makumi kwa kufumba na kufumbua, na kinachosubiri upande wa pili ni kontroli boksi iliyokuja na injini, ambayo ukiiua hutaipata kirahisi yenye namba ile ile. Kupima chaji ni kuweka mita kwenye betri: 13.8 hadi 14.4, umemaliza, nenda zako. Mtindo wa kuchomoa terminali ulianza enzi za dainamo na kabureta, na hao wazee walioutumia hawakuwa na kompyuta chini ya dashibodi!

Ukelele unaita watu. Anakuja wa pili, anamsalimia wa kwanza, hawajuani lakini wanaelewana papo hapo. Wa pili anachungulia. "Injini ya gari gani hii?"

Unamtajia.

Wanatazamana. "Ndiyo maana," wanasema kwa pamoja.

Ndiyo maana nini? Nini ndiyo maana? Hakuna jibu. Wa kwanza anakushauri uliuze kabla halijakuaibisha, anafunga boneti kwa niaba yako, kwa kishindo, kisha anauliza unaelekea wapi, ili umsogeze kidogo.

Ukishamsogeza (utamsogeza tu, tunajuana), tafuta mahali pasipo na watu na ufanye kazi kwa mpangilio. Mipira kwanza. Washa injini, chukua plaizi iliyofungwa kitambaa, bana mpira mmoja mmoja wa vakyumu unaotoka kwenye manifodi ya hewa. Ule ambao ukiubana silensa inatulia, huo ufuate hadi mwisho wake. Mwisho wake waweza kuwa busta ya breki iliyopasuka diaframu, waweza kuwa valvu ya mvuke wa tangi iliyokwama wazi, au, kwa magari yetu, waweza kuwa si kitu chochote: mpira umefichwa nyuma ya injini, mdomo wazi, unavuta upepo. Valvu ya PCV, ile inayorudisha mvuke wa oili kwenye injini, ukiibana RPM zitashuka kidogo, hiyo ni kawaida, usishangilie. Na ile hosi ndogo ya regyuleta ya mafuta ichomoe unuse. Ikiwa na petroli ndani, diaframu imechanika, injini inalishwa mafuta kwa mlango wa nyuma.

Gasketi zipime kwa maji ya sabuni kwenye chupa ya kupulizia. Pulizia pale manifodi inapokutana na kichwa cha silinda, kwenye shina la throto, kwenye mipira ya duara ya nozeli zinazopulizia petroli. Maji yakinyonywa, mlio unabadilika. Wako wanaotumia dawa ya kusafishia kabureta, inajibu haraka zaidi, ila pia inawaka moto, na manifodi ya eksozi iko sentimita chache tu hapo. Mtu mwenye sigara hakaribishwi. Usisahau kijiti cha oili: kwenye injini zenye sensa ya kupima hewa inayoingia, kijiti kisichokaza au kifuniko cha oili kisicho chake ni tundu la hewa isiyohesabiwa. Na kijiti chetu, ukweli usemwe, mara nyingi kimetoka injini ya tatu.

Kama una kifaa cha kusomea kontroli boksi, angalia asilimia ya marekebisho ya mafuta, yaani petroli inayoongezwa au kupunguzwa na boksi yenyewe. Ndani ya 10 juu au chini, huna ugomvi. Ikiwa kwenye silensa inasoma 20 juu, halafu ukishika 2500 inashuka hadi 3 au 4, ni hewa ya wizi. Ikibaki juu kote kote, rudi kwenye presha ya mafuta au sensa ya hewa. Lakini angalia aina ya injini yako kabla hujajipiga kifua. Hesabu hii ni ya sensa ya kupima hewa inayopita. Zile zenye sensa ya presha ya manifodi hazidanganyiki kwa njia hiyo: hewa ikiingia popote, presha inapanda, zinaongeza mafuta ya kulingana nayo, kwa hiyo marekebisho yanaonekana mazuri na silensa ndiyo inakaa juu. Watu wawili wenye tundu moja wanaweza kubishana hadi usiku, kila mmoja na namba zake, na wote wako sahihi.

Bomba la hewa nalo. Sensa ya hewa ilipimwa ikiwa ndani ya bomba la kipenyo chake. Ukiihamishia kwenye bomba pana zaidi kwa sababu ndilo lililotosha kwenye boneti, hewa inapita taratibu mbele yake, inaripoti pungufu, mafuta yanapungua. Hiyo haisafishiki kwa dawa yoyote.

Ethi. Hapa ndipo magari yetu yanapotia aibu. Injini ya zamani ilikuwa na mkanda mnene kutoka kwenye bloku kwenda bodi, ukakatwa siku ya kushusha, na mahali pake kukawekwa waya wa spika. Haupimwi kwa ohmu huo, utakudanganya, maana hata uzi mmoja uliobaki husoma sifuri. Washa injini, washa taa zote na feni, weka mita kwenye volti, ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri yenyewe, nyingine kwenye bloku. Chini ya 0.1 ni salama. Ikifika 0.3, kila sensa inayoegemea bloku hiyo inasema uongo wa volti 0.3, na kontroli boksi inaamini. Rudia kwa bodi. Kwaruza rangi hadi chuma kionekane kabla ya kufunga, maana rangi haipitishi umeme hata ukaze namna gani.

Sensa ya joto la maji zipo mbili na zinachanganywa. Yenye waya mmoja ni ya mshale wa dashibodi. Yenye waya mbili ni ya kontroli boksi, na hiyo ndiyo inayoamua silensa. Kwenye injini nyingi za Toyota na jamaa zake, hiyo ya pili inasoma kati ya kiloohmu 2 na 3 kwa nyuzi 20, na kati ya ohmu 200 na 400 kwa nyuzi 80. Ikiwa kontroli boksi inaambiwa injini ni baridi saa zote, itaishikilia silensa juu na kuimwagia petroli. Mbaya zaidi ni sensa nzima iliyokaa kwenye mfuko wa hewa: injini imepanda juu kuliko mfuniko wa rejeta, maji hayafiki kileleni, sensa inaguswa na maji, inaguswa na mvuke, inaguswa na maji, na silensa inafuata kila kimoja. Inua pua ya gari, fungua mfuniko injini ikiwa bado baridi, weka hita kwenye joto kali, washa, uache mapovu yatoke mpaka themostati ifunguke.

Halafu kuna ile ya gari kutulia vizuri kabisa mpaka uwashe AC, au ukate usukani kwenye maegesho, au uweke D. Hapo injini haina deni. Kontroli boksi ilitakiwa ipate taarifa kabla mzigo haujaja: waya wa AC, swichi ya presha ya pawa stelingi, waya wa gia kama iko N au D, waya wa taa. Nne zote ziko pale kwenye soketi, na kama hazikuungwa, kila mzigo unaikuta injini usingizini. Na waya wa spidi, ule wa tano, ukikosekana gari linazimika pale pale unapokaribia kusimama, kwa sababu boksi haijui kwamba ulikuwa unatembea.

Mengine kwa ufupi. Mshale umetulia lakini usukani unatetemeka: hizo ni mauntini, au eksozi inagusa bodi, acha kontroli boksi ipumzike. Eksozi inavuja kabla ya sensa ya oksijeni: hewa inanyonywa, sensa inaripoti ukame, petroli inamwagwa bure. Mkanda wa taimingi umeruka jino moja: geji ya vakyumu itakaa chini bila kutikisika, wakati injini nzima, ukiwa usawa wa bahari, husoma inchi 17 hadi 22 za zebaki. Throto ya umeme umeisafisha na silensa ikapanda: boksi ilizoea uchafu, ifundishwe upya kwa utaratibu wa mtengenezaji wa injini, si wa gari. Nozeli za ohmu 2 kwenye boksi ya nozeli za ohmu 12 bila rezista: unanusa kitu kinaungua, na si petroli.

Na kuna siku, naomba nisinukuliwe mbele ya yule bwana, ni plagi kweli.

Lakini tuache yote hayo, tuzungumzie rangi ya waya. Kiwanda kiliweka rangi zaidi ya kumi kwenye ule mkanda wa waya, na mistari juu ya rangi, ili mtu yeyote aweze kufuata waya kutoka mwanzo hadi mwisho. Aliyeunga injini hii alikuwa na roli moja ya waya mwekundu. Vyote vyekundu. Cha AC chekundu, cha ethi chekundu, ethi, jamani, chekundu! Na maungio yamefungwa tepu nyeusi, ambayo karibu na injini gundi yake inayeyuka, tepu inateleza, na kinachobaki ni shaba mbili zinazopeana mkono gari likipita kwenye tuta. Waya uliochomewa risasi peke yake nao hukatika kwa mtetemo pale risasi inapoishia. Tumia viungio vya kubana na mpira wa kusinyaa kwa moto. Chomoa soketi ya boksi, betri ikiwa imetolewa, weka mita kwenye ohmu, pima waya mmoja mmoja kutoka boksi hadi sensa, ule unaosoma chini ya 1 uupe karatasi yenye jina. Utaandika silensa, utaandika throto, utaandika joto la maji. Utabaki na mmoja usiofika popote, unaopita chini ya kapeti, unaingia ndani ya siti ya dereva na kuishia humo. Huo usiukate. Siku ulipokatwa mara ya mwisho, gari halikuwaka.